Kisigino cha Lefika

"Miguu yangu ina moto tangu lini, Mma Mosidi? Nimekuja kumwona mtoto, sikuja kuchoma nyumba."

"Tangu Jumamosi ulipotoka mazikoni. Simama hapo hapo, MmaSeabelo. Gogo unaliona."

Gogo lilikuwa limelazwa kwenye kijia cha kwenda nyumba ya nyuma. MmaSeabelo alisimama ng'ambo yake, mikono kiunoni, kitambaa cha kichwa kimemkaa upande kama kofia ya askari aliyechelewa zamu. Mtaa mzima pale Molepolole ulijua maana ya gogo lile: ndani mna mzazi na mtoto mchanga, wako katika botsetsi, na mpaka miezi mitatu iishe haingii mtu ila aliyeruhusiwa na mwenye nyumba. Aliyetoka mazikoni, aliyetoka safari ndefu, wote hao miguu yao ina joto linaloweza kumdhuru mtoto. Mwenye nyumba alikuwa Bibi Mosidi, na Bibi Mosidi hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Gorata alikuwa kando ya bomba akisugua masufuria, kama alivyofanya kila siku akirudi shuleni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na alijua kusugua polepole ili masikio nayo yafanye kazi yao. Ugomvi wa wakubwa hawa wawili ulikuwa wa kila wiki. Leo kuku, kesho mbuzi, keshokutwa majani yaliyopeperushwa na upepo kutoka ua huu kwenda ule. Kwa kawaida ulimchekesha.

MmaSeabelo alieleza kwamba amezaa wanne na wote wako hai, kwamba alikuwapo Bibi alipomwoza binti yake, kwamba hata mwaliko wa kumwona mtoto angeuomba kanisani kama ingebidi. Bibi alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya juu ya bati. Alipoona ameshindwa, MmaSeabelo akatoa jiwe la mwisho.

"Haya, mimi nina moto. Na lile gari la kliniki lililosimama hapa wiki jana, linalolala kwa wagonjwa na kuamkia kwa wagonjwa, lenyewe lina barafu? Gari la kliniki halisimami mlangoni pa mtu kuomba maji ya kunywa."

Bibi akamjibu kwamba gari hilo nalo lilifukuzwa, tena kabla halijazima injini. Lakini Gorata hakuisikia sehemu hiyo. Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya sufuria.

Maana Gorata alijua gari lilifuata nini. Mwaka uliopita mama yake, MmaGorata, alimketisha kitandani akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote pale nyumbani. Kwamba yeye na baba, ambaye hufanya kazi mgodini Jwaneng, wana virusi vya UKIMWI. Kwamba kidonge anachokunywa kila jioni baada ya uji ndicho kinachovilaza virusi hivyo, naye ana nguvu zake kama mtu yeyote. Bibi yako hajui, alisema, nitamwambia siku nitakapopata mdomo wa kumwambia. Mwaka ukaisha, mdomo haukupatikana. Mwaka mwingine ukaanza, na Lefika akazaliwa.

Lefika alizaliwa hospitalini akiwa mzima, analia kama mwenye deni la watu. Akapewa dawa ya maji ya wiki za mwanzo ya kumkinga, na mama yake akaambiwa amrudishe akitimiza wiki sita. Angechomwa kisigino, matone machache ya damu yangewekwa kwenye karatasi na kupelekwa Gaborone, ili ijulikane kama virusi vilipita kwake au havikupita. Kama vimepita, walisema, dawa ianze siku hiyo hiyo, kwa kuwa mtoto mchanga hana muda wa kungoja kama mtu mzima.

Wiki sita zilikuwa zimepita kwa siku kumi na mbili.

Bibi alikuwa amesema neno moja tu: mtoto hatoki kabla ya miezi mitatu. Na alikuwa na sababu. Miaka mingi kabla Gorata hajazaliwa, binti yake mkubwa, Galeboe, alizaa mtoto akamwita Kabo. Kabo akashikwa na homa akiwa na wiki tano, akatolewa ndani ya botsetsi, akapelekwa hospitali, na siku ya nne akarudishwa amefunikwa. Galeboe mwenyewe hakumaliza mwaka. Tangu hapo Bibi alishika kwamba kilichomuua mjukuu wake ni upepo na joto la watu, na angelala juu ya lile gogo kabla hajamruhusu mwingine kutolewa. MmaGorata hakuweza kubishana naye bila kusema kila kitu, kwa hiyo akanyamaza. Kila asubuhi alisema wiki ijayo.

Anayezunguka mtaa ule kwa ajili ya watoto wachanga alikuwa Nesi Wame, dada mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye hupita kila Alhamisi. Ndiye aliyefukuzwa pamoja na gari lake. Safari iliyofuata alikuwa mwerevu: alimwacha dereva, mzee Moatlhodi, dukani, akaja kwa miguu na mkoba begani kama mtu anayetafuta mayai.

Alhamisi hiyo shule zilikuwa zimefungwa. Bibi alikuwa ameondoka mapema kwenda kupanga foleni ya posho ya wazee posta. Mama na Lefika walikuwa nyumba ya nyuma, kimya. Gorata alikuwa anafagia karibu na lango, na MmaSeabelo alikuwa upande wake wa ua akianika nguo, shuka baada ya shuka, bila haraka yoyote duniani.

Nesi Wame alimsalimia Gorata, akauliza kama mama yupo.

Gorata akatazama shuka la MmaSeabelo. Halikuwa linapepea. Nyuma yake palikuwa na mtu aliyesimama tuli.

"Hayupo, Mma. Wamekwenda mashambani."

"Na mtoto?"

"Na mtoto. Mjomba alikuja na gari Jumanne."

Nesi Wame akakunja uso, akashangaa mzazi atolewe na kupelekwa shamba katika botsetsi, na bibi yule alivyo. Akauliza ni mashamba gani. Uongo ni kama mbuzi, ukimfungulia mmoja wengine watatoka wenyewe. Gorata alisema Mmanoko, alisema watakaa mpaka mwisho wa mavuno, alisema na Bibi atafuata. Nesi akamshukuru, akashika njia ya dukani akitembea kwa haraka kuliko alivyokuja.

Gorata alidhani ameiokoa nyumba. Alipomaliza kufagia ua wote na kurudisha ufagio, sauti ya mama yake ikamwita kutoka ndani.

MmaGorata alikuwa ameketi kitandani, amevaa gauni safi. Lefika alikuwa amefungwa kwenye blanketi lake jipya, lile la kutolea mtoto. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama Nesi Wame hajapita.

"Sijamwona," alisema Gorata.

Mama yake akachukua simu, akapiga namba iliyoandikwa kwenye kadi ya mtoto. Haipatikani. Akapiga tena. Gorata, aliyejua kwamba njia ya Mmanoko ikishaacha lami haina mtandao, akajua Nesi amewafuata huko.

"Sikukwambia, sikutaka ubebe tena jambo jingine," mama yake alisema. "Nilingoja siku ambayo Bibi hayupo. Usiku kucha nilijiambia, Nesi akifika namwita aingie, nautoa mguu wa mtoto, namaliza. Leo nilikuwa tayari. Kesho sijui kama nitakuwa tayari."

Akaanza kulifungua lile blanketi jipya.

Gorata alitoka nje akajificha nyuma ya zizi la mbuzi. Alilia kwa kujibana, lakini ua wa miti hauna siri.

"Wewe, mwana wa MmaGorata," ilisema sauti kutoka upande wa pili. "Mashamba ya Mmanoko siku hizi yako ndani ya nyumba?"

Gorata alijifuta macho. Alingoja kicheko. Badala yake MmaSeabelo akaja mpaka kwenye ua, akashika mti mmoja kwa kila mkono, akasema kwamba tangu asubuhi amesikia yote na hajamwambia mtu, na kwake yeye hilo si jambo dogo. Akataka kujua kwa nini mtoto mwenye adabu amdanganye nesi.

"Kwa sababu yako, Mma," Gorata alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anasema kweli. "Ulisema gari halisimami bure. Niliogopa utasema kwa watu."

MmaSeabelo akachuna ganda la mti wa ua.

"Huyo nesi tumtafute," alisema. "Mimi nitatafuta gari. Wewe nenda kwa mama yako, ukatafute ulimi wako."

Watu humwita MmaSeabelo redio, na siku hiyo redio ilifanya kazi. Alimpigia binamu yake mwenye duka mwisho wa lami. Binamu akasema gari la kliniki limepita nusu saa iliyopita, liko mchangani. Binamu huyo akatoka, akamsimamisha mzee mmoja aliyekuwa anaswaga ng'ombe, akamtuma alifuate kwa farasi wake. Ujumbe ulikuwa mfupi, na hapakuwa na neno la kumwumbua mtu: Nesi Wame arudi, apite kwa MmaSeabelo, ni leo.

Gorata naye alirudi nyumba ya nyuma. Alisema akiwa amesimama mlangoni, akitazama sakafu: kwamba Nesi alikuja, kwamba yeye alimfukuza kwa uongo, kwamba alipoulizwa alidanganya tena. Mama yake hakumpiga wala hakumkemea. Alifunga upya lile blanketi lililokuwa limefunguliwa nusu, akamwambia akae, wangoje pamoja.

Walioingia wakati mmoja ni Bibi Mosidi kutoka posta na Nesi Wame kutoka Mmanoko, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. MmaSeabelo alikuwa nyuma yake. Bibi akaweka kikapu chini, akasimama mbele ya gogo kama mlinda lango wa mpira. Alisema alishasema. Alisema waje miezi mitatu ikiisha. Nesi Wame alijaribu kueleza kwa ile sauti yake ndogo, Bibi akaikanyaga kwa yake kubwa.

Ndipo mlango wa nyumba ya nyuma ulipofunguka.

"Mama," alisema MmaGorata, Lefika kifuani. "Nina virusi vya UKIMWI. Ninakunywa dawa mwaka wa tatu sasa. Ndiyo maana mtoto anatakiwa kupimwa."

Bibi alitafuta kitu cha kukalia asikione, akakaa juu ya gogo.

"Miaka mitatu unakula kwangu, na unanificha?"

"Niliogopa uso wako, Mama."

Bibi alitazama mikono yake. Alipoinua kichwa hakumtazama binti yake, alimtazama Nesi Wame. "Na Kabo? Kabo naye alikuwa na hivyo?"

"Sijui, Bibi," alisema Nesi. "Hakupimwa. Hakuna atakayejua tena."

Pengine lingeishia hapo, Bibi juu ya gogo na binti yake mlangoni, kama MmaSeabelo asingeongea. Alijongea, lakini hakuvuka. Alizungumza chini chini, mpaka Gorata akadhani ni mtu mwingine.

"Mwanangu Onalenna mnamjua. Nesi wa wakati ule alikuja kumpima mara tatu, nikajificha chooni mara tatu. Nilisema mtaa utanicheka. Alipofika miezi minane alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu, ndipo nikambeba mbio. Kidogo nimkose, Mma Mosidi. Leo ana miaka kumi na minne, anacheza netiboli, kila jioni saa moja anakunywa dawa yake. Na mtaa haujui, kwa sababu nimehakikisha mtaa una mengine ya kuzungumza." Akajifuta pua kwa ncha ya kitambaa. "Mwenyewe ameniruhusu niseme, siku nikiona mtoto wa mtu anangojeshwa. Haya yaishie hapa."

Bibi alimtazama jirani yake kana kwamba ndiyo kwanza amehamia.

"Mama, mtoto ni wangu," alisema MmaGorata. "Leo anapimwa. Kama utasema nitoke naye kwenye nyumba hii, nitatoka."

"Nani amesema utoke?" Bibi aliinuka, akajikung'uta sketi, akamgeukia Nesi. "Wewe binti, wiki hii umekwenda mazikoni?"

Nesi angeweza kusema hapana. "Jumamosi, Bibi. Sisi wote kliniki tulikwenda."

"Vizuri umesema. Gorata, lete beseni. Kata na shubiri."

Basi Nesi Wame alinawa mikono na miguu kwa maji yaliyokatiwa shubiri, kama wanavyonawa wote watokao mazikoni, kisha akanawa tena mikono kwa sabuni yake mwenyewe na kuvaa glovu. Akavuka. Akaeleza kwamba mguu wa mtoto upate joto kwanza, damu ishuke vizuri. Bibi akasema joto la kukaa nyumbani analo, akautia ule mguu mdogo kati ya viganja vyake, akaushika mpaka ukawa mwekundu. MmaGorata ndiye aliyempakata mtoto na kushikilia kisigino. Kilichomwa mara moja. Lefika alipiga kelele iliyofika dukani, akapewa ziwa, akasahau. Kwenye karatasi yalibaki matone matano, yakaachwa yakauke kivulini, na Bibi akakaa kando yake kuwafukuza nzi.

Majibu yalichukua wiki mbili na siku mbili. Katika siku hizo MmaGorata alianza kunywa kidonge chake mbele ya Bibi, na Bibi akawa ndiye anayekumbusha saa, kwa ukali, kana kwamba ni yeye aliyekigundua.

Nesi Wame aliporudi Gorata alikuwa langoni. Alikuwa ametayarisha maneno mengi, yakatoka machache. Alisema alimdanganya, alisema anaomba radhi. Nesi akamwambia kwanza waingie, majibu ni ya mama.

Lefika hakuwa na virusi. MmaGorata aliisoma karatasi mwenyewe, akairudia, akauficha uso wake kwenye blanketi la mtoto. Nesi akaeleza kwamba safari haijaisha: maadamu Lefika ananyonya atapimwa tena na tena, na mama asiruke dawa hata siku moja, kwa kuwa ndiyo ngao ya mtoto. Bibi akauliza tarehe ya kipimo kinachofuata, akaitaka iandikwe kwa herufi kubwa aibandike ukutani.

"Na kama ingekuwa vingine?" Bibi aliuliza.

"Dawa ningekuja nayo leo kwenye mkoba," alisema Nesi. "Ndiyo maana tunapima mapema."

Kisha akamwita Gorata akae karibu. Alimwambia hana hasira naye, na kwamba alichotaka kulinda kilikuwa kitu cha kulindwa. "Ugonjwa wa mtu ni wake," alisema. "Jirani akikuuliza, mwambie huna la kusema, hilo halitakuwa kosa. Hata mimi siwezi kumwambia jirani. Lakini siri si sawa na uongo. Siri inafunga mlango mbele ya asiyehusika. Uongo wako ulimfungia aliyekuwa amebeba msaada. Siku nyingine ukiogopa, niambie tu kwamba unaogopa. Nitajua la kufanya."

Gorata aliitikia kwa kichwa. Mama yake akamvuta kwa bega, akasema na yeye amelisikia, maana miaka mitatu aliyomfungia mama yake mzazi nje ya mlango huo haikumpa usingizi hata usiku mmoja.

Jikoni chungu kilikuwa kimeshaiva, ugali wa mtama uliopikwa na tikiti la lerotse, na kando yake mboga ya majani ya kunde. Bibi alimwambia Nesi asithubutu kutaja nyumba nyingine, nyumba nyingine zina vyungu vyao. MmaSeabelo hakuhitaji kualikwa, alikuwa tayari ameshika sahani kwenye kibanda cha jikoni na anauliza kwa nini chumvi ni kidogo. Bibi akahesabu watu kwa macho, akaona mmoja amepungua.

"Yule mzee wa gari yuko wapi?"

Yuko nje, alisema Nesi, anangoja.

Bibi akamtazama Gorata. Gorata akainuka, akaenda mpaka kwenye gari, ambako mzee Moatlhodi alikuwa amelaza kofia usoni. Akagonga mlango polepole.

"Rra," alisema, "mimi ndiye niliyekupeleka Mmanoko bure. Naomba radhi. Bibi anasema uingie ule, chakula kingali cha moto."